Wimbo wa Ikupa Uliokwenda Nairobi

Mwaka wa hamsini na saba, kama ulipita Mbeya na masikio yako mawili, uliusikia tu. Hotelini, ndani ya mabasi, kilabuni, hata walimu wa misheni waliuimba puani wakidhani hakuna anayewasikia. "Nitue," santuri ya Igawilo Jazz. Watu walimsifu Lutengano, mpiga gitaa, eti ana kichwa. Kichwa gani! Wimbo ule aliutunga mkewe, Ikupa, akitoka shambani.

Ulikuwa msimu wa viazi. Mimba ya Damari imemlemea, mvua inamfukuza mlimani, tenga kichwani. Mama yake mzazi alikuwa amefariki mwaka huohuo, basi akawa anamwita huku anateremka: nitue, mama, nitue, shingo imechoka. Hakuwa na nia ya kutunga chochote. Lutengano alimsikia akiendelea nao jikoni, akaenda kuchukua gitaa.

Mpaka hapo, heri. Ila Lutengano alitaka kumfurahisha mzee wake. Alipowapelekea wenzake wimbo, akatoa "mama" akaweka jina la baba yake. Sasa, kwa Wanyakyusa mke hamtaji baba mkwe. Akimwona njiani, anaingia migombani mpaka apite, na jina lake halipiti mdomoni mwake maisha yote. Dini ilikuja, watu wakabatizwa, mwiko ukabaki palepale. Nami hapa sitalitaja, kwa heshima ya Ikupa.

Siku ya kufunga mizigo ya kwenda Nairobi kurekodi santuri, Ikupa alimwambia mumewe, "Baba Damari, nimelima, nimezaa, nimenyamaza. Nakuomba neno moja. Huko kwenye mashine imba 'mama,' kama nilivyoimba mimi. Nami niweze kuuimba na watu."

"Nitaimba, Mama Damari. Neno moja ni kitu gani?"

Wakaenda wanaume wanne kwa lori, wakarudi na santuri imeviringishwa kwenye blanketi. Gramafoni ya kuazima ikawekwa uani. Wazee walikaa mbele, baba mkwe katikati yao. Wanawake walikuwa nyuma ya nyumba, na Ikupa amejibanza ukutani na mtoto mgongoni. Sindano ikashuka. Likaja gitaa, halafu sauti ya mumewe, nzuri kweli, nani atabisha: nitue... na jina. Ua mzima ukalipuka kwa vigelegele. Mzee alicheka mpaka machozi. Ikupa akajifunika kanga kichwani, akaingia migombani, akakaa huko, na wao wanarudia na kurudia.

"Taa ya kurekodi iliwaka, nikaogopa, mdomo ukaenda ulikozoea," Lutengano alijitetea baadaye. Kisha akasema ukweli. "Baba amezeeka. Nilitaka alisikie jina lake kabla hajafa."

"Na mama yangu?"

Lutengano akachukua gitaa, akaanza kukaza nyuzi.

Ikupa alijaribu kuimba wa kwake, wenye "mama." Kisimani wenzake wakamcheka: unakosea, dada, sivyo unavyoimbwa! Mama mkwe ndiye aliyemaliza maneno. "Mwanangu, siku hizi hata ukiuguna tu, watu wanasikia jina. Uache." Akauacha. Lakini wimbo wenyewe haukumwacha. Kwenye mashine ya kusaga upo, sokoni upo, mlangoni mwa kanisa kuna watoto wanaupigia makofi. Kila ukianza, yeye ajifunike na kuondoka, mzigo wake haujawekwa sawa. Alichoka, jamani. Alichoka kuliko siku ile ya tenga.

Miaka miwili ikapita hivyo. Akaomba ruhusa aende na Damari Iringa kwa kaka yake, walau apumzike. Basi likasimama Nyololo, kwenye baridi ile ya kutafuna mifupa. Muuza chai mmoja, Verediana, mama wa Kihehe mwenye mikono minene, alitoka kuwapokea abiria. Akamtua Ikupa kapu lake huku akiimba, jina na yote, maana huko walishaufanya wimbo wa kupokelea mizigo.

"Itikia, mama!"

"Siujui."

"Weee! Mtu wa Mbeya hujui wimbo wa Mbeya? Hebu kaa nikufundishe."

Akamfundisha kweli, polepole, kama anayemfundisha mtoto sala, akilirudia jina lile kwa upendo ili lisimpite mgeni wake. Ikupa aliinamia kikombe. Angeweza kujifunika na kutoka, lakini nje kulikuwa na baridi, na miguu ilikataa. Damari, aliyekuwa amesinzia mapajani pake, akaamka, akauimba wote mpaka mwisho, jina la babu yake bila kosa. Mjukuu hakatazwi.

Verediana akapiga makofi. "Yesu na Maria! Haka katoto kameutoa wapi?"

"Kwa baba yake," Ikupa alisema, akaomba chai nyingine.