Nani Aliyepiga Simu?

Juzi asubuhi boti ya kisiwa cha Nkombo ilimshusha mama mjamzito, uchungu umemkaba, akaketi juu ya gunia ufukoni. Tulimzunguka, wengine wakimpepea kwa vitenge.

"Ambulansi inakuya, banaishapiga simu," kila mtu alisema.

Tukangoja. Barabara ikabaki tupu, na yeye akaanza kuuma ncha ya kitenge chake. Mimi uvumilivu wangu ni mfupi. Nikafoka: "Ni nani alipiga?"

"Ule papa wa kofia," akajibu maman muuza sambaza, vile visamaki vya ziwani, akimwonyesha mzee mmoja kati yetu.

"Miye?" papa akashangaa. "Si nilisikia kwako, maman?"

"Na miye nilisikia kwako!"

Hakuna aliyekuwa amepiga. Papa akapiga palepale.

Ambulansi ilipofika, muuguzi akauliza nani atamsindikiza mgonjwa. Tukaanza kutazamana. Mama hakungoja. Alimkamata papa mkono, akasema: "Huyu."

Papa akapanda, hata jina la mgonjwa halijui. Jioni alirudi akicheka: mama mzima, mtoto mzima.

Sasa mtu akiniambia "banaishapiga simu", namwambia anionyeshe aliyepiga. Wengi hununa. Wanune.