Krismasi Sufuria ya Mama Ilipotekwa

Wodi ile ilikuwa na harufu mbili zilizogombana kutwa nzima. Asubuhi ilitawala dawa ya kupigia deki, kali ya kutoa machozi, na wahudumu walipomaliza kufuta sakafu ungedhani hakuna kiumbe aliyewahi kupika chochote duniani. Lakini jua likipanda kidogo, moshi wa kuni ulianza kuingia madirishani kutoka kwenye banda la wauguzaji, ndugu waliokuja kuuguza wagonjwa wao, nyuma ya wodi, na ndani ya moshi huo mlikuwa na kisamvu, dagaa, mchicha wa karanga na ugali wa muhogo. Mimi nilikuwa nimelala chali muda wote, sina ninachokiona zaidi ya dari, kwa hiyo niliijua hospitali ile ya Nachingwea kwa pua. Niliweza kusema mama wa nani anapika nini, na nani leo amechoka kaunguza. Nilikuwa msichana wa miaka tisa, jina langu Hadija, mwenye maneno mengi, na mguu wangu wa kulia ulikuwa umevunjika paja.

Nilivunjika kwa uroho wangu, ndivyo bibi alivyosema na sikuweza kubisha. Kwetu Nkowe msimu wa korosho watoto tunatumwa kuokota zilizoanguka, na kila mtu anajua kuwa mkorosho haupandwi. Mimi niliona bibo moja jekundu juu kabisa, nikapanda, tawi likakatika. Hospitalini waliufunga mguu kwa kamba iliyopita kwenye kigurudumu upande wa chini wa kitanda, na mwisho wa kamba wakaning'iniza dumu lenye mchanga. Kazi ya dumu ilikuwa kuuvuta mfupa taratibu hadi ncha zake zikutane sawasawa na kushikana. Daktari alimweleza mama kwa upole kwamba mtoto akitolewa kabla ya hapo, mguu utaungana umepishana, utakuwa mfupi, na atachechemea maisha yake yote. Mama aliitikia kwa kichwa. Alikuwa mwanamke wa Kimwera asiye na Kiswahili kingi, na mbele ya wenye makoti meupe hata hicho kidogo kilimkimbia.

Kitanda cha pembeni yangu alilala Josefu, mtoto wa Mandawa, aliyeanguka kwenye keria ya baiskeli ya baba yake. Mguu wake ulikuwa umevunjika mahali palepale, na dumu lake lilining'inia kama langu. Tulishindana kila kitu: nani dumu lake zito zaidi, nani atapona kwanza, nani analia sindano inapoingia. Yeye ndiye aliyenifundisha Krismasi. Sisi ni Waislamu, na Krismasi niliijua kwa kuisikia redioni tu, lakini Josefu aliisimulia kama mtu anayesimulia mpira alioucheza mwenyewe. Alikuwa na shati jipya lililomngoja nyumbani, na kuku ambaye alikuwa tayari anamjua kwa rangi.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini, katika ile miaka ambayo Ramadhani ilikuwa ikiingia mwezi wa Desemba. Krismasi ikaangukia ndani ya mfungo. Mama alifunga, na wauguzaji wengi walifunga, na banda la kupikia likawa kimya mchana. Hilo halikuwa na tabu. Tabu ililetwa na mvua. Mvua za kwanza zilipopiga, udongo ukanuka vizuri kama unavyonuka kila mwaka, na akina mama wote wodini wakanyanyua vichwa kwa pamoja. Kila mmoja aliliona shamba lake. Kuanzia siku hiyo wodi ilianza kupungua watu. Huyu aliomba ruhusa, yule alichukua mtoto akaondoka bila kuomba, na vitanda vikabaki na ile mipira ya kutandikia tu, bila shuka wala mtu.

Baba naye akatuma salamu kwa mtu aliyekuja Nachingwea. Majirani wanapanda, alisema, yeye peke yake nyumba na shamba vimemshinda, na amepata fundi wa mifupa anayefunga kwa vijiti, kwa hiyo mama anirudishe, nitapona nyumbani. Mama alizipokea salamu hizo akaenda kukaa barazani peke yake. Baba hakuwa mtu mbaya. Shamba lisilopandwa mvua za kwanza lina maana moja tu kwetu, na maana hiyo ni njaa. Mama alikuwa na watoto wengine nyumbani, na wao pia walikuwa na matumbo.

Sasa niwaambie kuhusu Sista Komba. Alikuwa nesi wa wodi yetu, Mngoni wa Songea, mnene, mwenye kicheko kilichomtangulia mlangoni. Mwaka ule alipangiwa zamu sikukuu nzima na hakuweza kwenda kwao. Badala ya kununa, aliamua Krismasi ifanyike pale pale wodini, kwa wagonjwa waliobaki na kwa wafanyakazi wenzake waliobaki, ambao kwa kweli nyuso zao zilikuwa zimeporomoka kuliko zetu. Alisema wodi ikikaa kimya siku ya sikukuu wagonjwa wanazidiwa, na manesi wanazidiwa kabla yao. Daktari akatoa mbuzi. Wengine wakaleta mchele na vitunguu. Wakakata tawi la mvinje wakalisimamisha ndani ya ndoo ya mchanga, wakalitupia pamba. Sista Komba alipofika kitandani kwangu akaona siwezi kwenda kuuona mti, akalivalisha dumu langu karatasi za rangi. Akalivalisha na la Josefu. Tukashindana tena, la nani limependeza.

Mkesha wa Krismasi, wakati Sista Komba amekwenda kupumzika, baba yake Josefu alikuja na gari la mtu wa kwao. Nesi aliyekuwa zamu alimsihi. Daktari akaitwa, naye akamsihi, akamwonyesha kwa vidole viwili jinsi mfupa utakavyopishana. Baba Josefu alisikiliza kwa heshima, kofia mkononi. Kisha akasema asante daktari, nimeelewa, ila mama yake ana mtoto mchanga na mimi ndiye mwenye jembe, na kesho ni Krismasi. Wakamfungua Josefu kwenye dumu. Alibebwa mgongoni akicheka, akanipungia mkono kama mtu aliyeshinda mashindano yote kwa mpigo. Nilimwonea wivu hadi nikageuzia uso ukutani.

Asubuhi ya Krismasi mama alikuwa ameamua. Kulikuwa na lori linakwenda Ruangwa kuchukua korosho, na dereva alikubali kutupitia getini alasiri. Mama alikunja kanga zake, akafunga furushi, na juu ya furushi akaweka sufuria yake kubwa. Sufuria ile ndiyo iliyosonga ugali wa nyumba yetu yote, na tangu tuondoke nayo, kule Nkowe walikuwa wakiazima ya jirani. Mimi nilifurahi. Nataka niliseme hili wazi, kwa sababu watu wakisikia kisa hiki hudhani niliomba nibaki. Nilitaka kwenda kwetu. Nilikuwa nimechoka na dari.

Sista Komba aliingia, ametengeneza kofia ya karatasi nyekundu imekaa juu ya kofia yake ya unesi. Akaona furushi. Nilingoja aanze kusihi kama wengine walivyomsihi baba Josefu, na nadhani mama naye alikuwa amejiandaa, maana alikuwa ameshainamisha kichwa cha kusema asante sista, nimeelewa. Lakini Sista Komba hakusihi. Aliichukua sufuria, akaigonga kwa kiganja kusikia mlio wake, akaibana kwapani.

"Mama Hadija, sufuria hii imetekwa."

Mama akainua uso.

"Wewe Mmwera, mimi Mngoni," Sista Komba akasema. "Babu zangu walipopita huku waliisahau sufuria kwenu. Nimetumwa nije kuichukua."

Lazima nieleze hapa, kwa wale ambao kwao utani umebaki jina tu. Mngoni na Mmwera ni watani. Mtani anaweza kukushikia kitu chako mchana kweupe, na wewe huruhusiwi kukasirika. Ukikasirika, unaaibika wewe na ukoo wako. Unachoweza ni kujibu kwa maneno na kukikomboa kwa namna atakayoitaka yeye. Daktari alikuwa na elimu yote ya mifupa, lakini hakuwa mtani wa mtu pale.

"Rudisha chombo cha watu," mama akasema, na kwa mara ya kwanza Kiswahili hakikumkimbia. "Nyie mlikuja na ngao mkaondoka na mihogo yetu. Na sufuria tena?"

"Mihogo tungeipikia nini kama si sufuria? Vinakwenda pamoja."

Wauguzaji wawili watatu waliobaki wakaanza kucheka. Mama akajizuia, akashindwa, akacheka. Hakuwa amecheka tangu salamu za baba zifike. Akauliza sasa fidia ni nini, maana gari linakuja alasiri. Sista Komba akasema fidia ni moja tu: jua likizama, waje wafuturu pamoja. Mama akasema jua likizama gari limekwenda. Sista Komba akasema hayo ni ya gari, yeye yuko kwenye vita vya sufuria. Akatoka nayo. Muda si mrefu sufuria ya mama ilikuwa jikoni juu ya mafiga, imejaa mchele wa Krismasi, na hakuna mwenye akili ambaye angeipakua pilau nusu mbichi kwa ajili ya lori.

Alasiri honi ilipiga getini. Mama alisimama barazani na furushi lake. Nilimwona mgongo tu kupitia mlangoni. Nilimwita, nikamwambia mama twende, sufuria baba atakuja kuichukua, na nilikuwa nalia kwa hasira nikimchukia Sista Komba na mafuta yake yote. Honi ikapiga tena. Mama hakugeuka wala hakwenda. Lori likaondoka, na sauti yake nikaisikia ikipanda barabara ya Ruangwa mpaka ikaisha, nikajifunika shuka gubigubi.

Magharibi, adhana iliposikika kutoka mjini, walitandika mikeka katikati ya wodi. Hapo ndipo nilipogundua kwamba Sista Komba, Mkatoliki, alikuwa hajala kitu siku nzima ya Krismasi yake. Wagonjwa tulilishwa mchana, lakini wafanyakazi walikubaliana kuingoja adhana ili wale pamoja na waliofunga. Mbuzi alikuwa amechinjwa na mlinzi wa geti, mzee wa Kiislamu, ili asiwepo wa kukaa pembeni. Kulikuwa na uji wa pilipili manga na mihogo ya nazi, kisha pilau. Daktari alipakua mwenyewe, vibaya, akimwaga. Waliimba nyimbo zao za kanisani na mlinzi akapiga makofi asiyoyajua. Sista Komba alikaa kando ya mama, magoti yamegusana, na walipokuwa wameshiba mama akaanza kusema. Alisema shamba. Alisema watoto walioko nyumbani, mmoja mmoja kwa jina. Alisema hajui atamwambia nini mume wake.

Sista Komba aliacha utani. Alisema polepole ili mama aelewe kila neno. "Dada yangu, shamba utalima mwakani. Huu mguu ukiunga vibaya, umeunga." Baadaye mama aliomba sufuria yake. Aliletewa imeoshwa, ndani yake pilau ya daku imefunikwa kwa sahani. Mama akalifungua furushi, akatandika kanga zake chini ya kitanda changu mahali pale pale zilipokuwa zimetandikwa siku zote.

Tulirudi Nkowe mahindi ya watu yakiwa yamefika magotini. Shamba letu lilikuwa pori. Baba alinuna kwa muda mrefu, na mwaka ule tulikula ming'oko, vile viazi vya mwituni, kuliko nilivyowahi kula kabla au baadaye. Tulichimba porini, mama na sisi wote, na mimi nilichimba nikiwa nimechuchumaa vizuri kabisa. Mdogo wangu aliniambia mara moja kwamba njaa ile ilikuwa ya mguu wangu. Alikuwa mtoto, lakini hakukosea, na nimeishi na hilo.

Siku hizi Nachingwea na Ruangwa zimesogeleana. Mtu wa Nkowe akiugua, simu inapigwa, bodaboda inakuja mlangoni, na habari za shamba zinamfikia muuguzaji kila siku badala ya kungoja msafiri. Krismasi hospitalini bado ipo, ina keki na muziki na watu wanapigana picha. Utani umepungua. Nesi kijana leo akishika sufuria ya mgonjwa nadhani ataitiwa mkuu wake wa kazi, na simlaumu atakayeita.

Josefu yuko Ruangwa, anaendesha bodaboda. Nilipanda kwake mara ya kwanza bila kumjua, naye ndiye aliyenitambua, kwa sauti. Mguu wake uliungana umepishana. Nilijiandaa kumpa pole, lakini yeye alianza kunisimulia ile Krismasi yao: walivyofika Mandawa, shati lilivyokuwa limemkaa, jinsi baba yake alivyomchinjia yule kuku na kumpa mapaja yote mawili, yeye peke yake, kisha akambeba mabegani kumzungusha kwa majirani. Baba yake amekwishafariki. "Sijala tena sikukuu kama ile, dada," akasema. Niliona kwamba anasema kweli, na pole yangu ikanikauka mdomoni. Tulipofika niendako alishuka kunifungulia mzigo. Aliizunguka pikipiki kwa ule mwendo wake wa kuinamia upande, hana haraka, nami nilisimama kwenye miguu yangu miwili nikamngoja.