Mama Randa na pua ya kuazima

Saa mbili asubuhi, Mama Randa amelala kifudifudi jikoni mwa watu, shavu likikaribia kugusa sakafu. Anachoma mguu wa nguzo ya kona kwa ncha ya bisibisi. Inazama kama kwenye mkate. Unga wa kahawia unamwagika.

Nyuma yake wamesimama mwenye nyumba, ambaye ni mama mjane, na mwanawe mkubwa. Nguzo hii imebeba kona nzima ya paa. Mwana ameshaamua: ikiwa imeoza, nyumba inabomolewa na mama anahamia kwake, ghorofa ya tatu.

“Fundi, hiyo si nguzo tena,” anasema. “Ni rangi tu imesimama.”

Mama Randa anachukua patasi. Anaanza kukwangua taratibu.

Kazi ya kukarabati nyumba za mbao aliijua kwa kuzibomoa. Alianza akiwa kibarua wa kung’oa misumari, na macho yake yakawa kwenye mbao zilizotoka nzima. Mara nyingi zilikuwa za mwerezi. Ni mti mwepesi, hupasuka usipoupigia msumari kwa adabu, lakini ukishakauka haupindi, na mafuta ya kiini chake huwachosha mchwa.

“Wanakula weupe wa nje,” anaeleza. “Wakifika kwenye wekundu, wanahama.”

Patasi inagonga pagumu. Wekundu unaonekana. Lakini mbao nyekundu ni za aina nyingi, nyingine mchwa huzimaliza. Mwerezi hutambulika kwa kunuswa, na pua ya Mama Randa ilizima mwaka juzi baada ya homa kali. Hafichi. Mteja mmoja aliwahi kumuuliza kama na kinyozi wake ni kipofu.

Anachonga kipande chembamba, anampa mjane. “Mama, niazime pua.”

Mjane ananusa. Anavuta ndoo iliyopinduliwa, anakaa.

“Sanduku la mama,” anasema.

Aliingia nalo nyumba hii akiwa bibi harusi. Nondo hawakuwahi kugusa nguo zilizolala humo, na kila mtoto wake alipozaliwa alifunikwa kwa shuka lililotoka ndani yake.

Mwana naye ananusa, mara mbili.

“Nilidhani ni harufu yako wewe,” anamwambia mama yake, kisha anakwenda uani kumpigia simu mtu wa kubomoa asije.

Hadi jioni weupe wote umekwanguliwa. Nguzo imekonda kidogo, lakini kiini ni kizima. Jeki imeinua boriti ya paa pamoja na nguzo, na chini yake msingi mdogo wa zege umemwagwa ili mguu usikanyage tena udongo wenye maji. Zege lazima likauke. Kuishusha nguzo juu yake ni kazi ya kesho.

Mama Randa anakusanya maranda, anajaza mfuko wa koti. Daktari amemwambia pua inaweza kurudi.

“Kila asubuhi nanusa haya kabla ya chai,” anasema. “Siku nikiyasikia, najitengenezea mlango wa mwerezi kwangu. Sasa hivi nina wa bati.”

Mlangoni, mjane anamkumbusha asichelewe kesho.

“Jeki usiiguse, mama.”

“Nani aiguse? Mimi nalala hapahapa, naichunga.”