Weusi Uliokwenda na Jua

Mama alikuwa anapoteza macho, na kabla hayajazimika kabisa alitaka kumaliza kikapu kimoja cha mwisho: agaseke, kile chenye kifuniko kilichochongoka, cha kumpa mjukuu wake siku ya kuolewa. Kila msichana wa nyumba yetu ameondoka na kikapu cha mkono wa mama, cheupe, chenye mistari myeusi inayopanda ikizunguka hadi kileleni. Weupe ni wa mkonge wenyewe. Weusi ulitoka kinamasini. Miaka yote alikuwa akichemsha nyuzi na majani, kisha anazilaza kwenye maji ya kahawia chini ya mafunjo, maji yanayonuka kama yai viza. Rangi ya dukani hakuitaka. Alisema inachuja kama urafiki wa baa.

Nilikuwa nimerudi kwake, mtaa wa Rwezamenyo, baada ya kuzunguka mjini nikitafuta vibarua. Nimelinda maghala Masoro, nimebeba mbao Gisozi, sijawahi kukaa kazini hadi wanizoee. Shule niliiacha mapema, kuuliza sikuacha. Macho yake hayakumruhusu tena kushuka bondeni, akaniambia, "Miguu yako haitulii, basi itume kazi."

Nikashuka na nyuzi. Kinamasi nilichokijua hakikuwapo. Mafunjo yalikuwa yamekatwa karibu yote, tope limezolewa, na mahali pake pana bwawa wazi, lenye njia ya kutembelea na ndege weupe. Pazuri, siwezi kukataa. Maharusi wanapiga picha pale. Nilizizamisha nyuzi ukingoni, nikazirudia baada ya siku mbili. Zilikuwa na rangi ya chai iliyotiwa maziwa mengi.

Ukingoni palepale alikuwepo mtafiti, mwanamke wa Kitanzania, akijaza maji kwenye chupa na kuzifunga kwa foili, ile ya kuokea nyama.

"Dada, hayo maji yanaona baridi?"

"Nayakinga na jua, kaka. Jua linayala."

Nilicheka, yeye hakucheka. Kwa kuwa sikuondoka, akanieleza. Mafunjo yakioza, mabaki yake huyeyuka majini kama majani ya chai; ndiyo yanayotia ule ukahawia. Ndani ya mabaki hayo mna salfa imeshikamana na vitu vingine. Kivulini hukaa hivyo muda mrefu. Mwanga wa jua ukiyafikia huyakatakata, na oksijeni iliyomo majini huidaka ile salfa na kuigeuza kuwa aina ya chumvi, isiyo na rangi wala harufu.

"Kwa hiyo imeisha?"

"Haiishi. Imekuwa kitu kingine."

Nikamwonyesha nyuzi, nikamsimulia habari za mama. Akazigeuzageuza.

"Weusi wenu siwezi kuuapia. Nadhani chuma nacho kimo, na kinabebwa na mabaki hayohayo. Mabaki yakikatika, chuma kinazama kama kutu."

"Maji yanaweza kurudi yalivyokuwa?"

"Mafunjo yaote, yafunike tena, yaoze."

"Miaka mingapi?"

"Mama ana umri gani?"

Kisha akanionyesha kwa kidole upande wa mfereji, ambako kichaka kimoja cha mafunjo kilikuwa bado kimesimama. Nilijaza dumu chini yake, maji mazito, yananuka ile harufu niliyoijua tangu utotoni. Njiani nikakutana na maseremala niliowahi kuwabebea mbao. Mmoja akaziba pua.

"Bwana mkubwa, siku hizi unauza manukato?"

"Mkeo ndiye ameagiza," nikamwambia, nikapita.

Mama aliinamia mdomo wa dumu akavuta pumzi. Sura yake ililegea. Kesho yake, kabla sijamweleza habari za jua, nikapata kibarua cha kupakua mizigo Masoro, nikalala hukohuko siku kadhaa.

Mtaani kwetu watu huweka maji ya kunywa kwenye chupa angavu juu ya mabati. Wahudumu wa afya walitufundisha kwamba jua linaua vijidudu, na mama alilishika somo hilo kama sala. Tena uzi hukamata rangi vizuri katika maji ya moto, na makaa yalikuwa yamepungua. Akayamimina maji yote ya dumu kwenye chupa ili jua liyapashe moto, akamwomba jirani azipange juu ya bati. Siku ya kwanza kulikuwa na wingu, akaziacha. Siku zilizofuata jua likawaka.

Niliporudi alikuwa amekaa mlangoni na chupa moja mapajani, ameifungua.

"Mbona hayanuki?" akaniuliza.

Yalikuwa meupe karibu kama ya bomba. Chini palikuwa na vumbi jekundu la kutu.

Nikakimbia bondeni. Kile kichaka kilikuwa kimelazwa, vibarua wanakipakia kwenye lori.

Nyuzi mama alizilaza kwenye maji ya chupa hivyohivyo, usiku mzima. Asubuhi akanishika mkono.

"Zimekuwa nyeusi? Usinidanganye, mwanangu."

"Hapana, mama."

Akazitenga pembeni. Akasuka kwa vidole, nyeupe juu ya nyeupe, pale mistari ilipotakiwa kupanda akapita tu. Sikumsikia akilalamika. Heri angelalamika.

Siku ya harusi shangazi wa bwana harusi alikipokea kikapu, akakizungusha taratibu akitafuta mistari myeusi. Akakizungusha tena. Kisha akakiweka chini pamoja na vile vya kununua.

Mama akaniegemea. "Wamesema nini?"

"Hawajasema kitu."