Geti la Shule ya Masista

Nakumbuka asubuhi moja ya kufungua shule, mwanangu, nikiwa kijana wa kuchomelea vyuma hapa Kitui. Masomo niliyaachia darasa la tano, lakini kwa chuma hakuna aliyenifikia. Toka Zombe mpaka Kikima, geti ukiliona limesimama vizuri, uliza fundi ni nani. Basi masista wakanipa geti la shule yao. Nikaliwekea msalaba mkubwa, unaonekana tangu barabarani. Nguzo nilizisimamisha jioni iliyotangulia, simiti ikalala mbichi.

Akaja mama Mwislamu kutoka Mwingi, sanduku la bati kichwani, binti yake mkononi. Aliambiwa amfikishe kabla ya kengele, la sivyo nafasi apewe mwingine.

Nikamwambia, "Geti halifunguliwi, simiti bado mbichi, mama. Na kwani huoni msalaba? Hii ni ya Wakatoliki."

"Msalaba nimeuona, kijana. Mlango ndio sijauona."

Wanafunzi wakanicheka. Sista mkuu, Mkamba mwenzetu, akatoka ofisini.

"Fundi, fungua."

"Sista, nguzo itapinda!"

"Wacha ipinde."

Nikafungua, roho ikiniuma. Sista akamtua yule mama sanduku. "Mwaitu, mama yangu, sikufichi, hapa tunasali asubuhi na jioni. Binti yako atakaa nasi kwa heshima, na sala zake hakuna atakayemzuia." Kisha akanigeukia. "Msalaba wako ni mzuri. Lakini ukisimama chini yake unafukuza mtoto, umeufanya bango la duka."

Kengele ikalia, binti yuko darasani. Mimi nikabaki na nguzo iliyopinda.

Siku hizi niko kwa bodi ya shule hiyo, na nimechoka, mwanangu. Kila mkutano ni rangi ya kanisa, sanamu kubwa, beji ya sweta. Mtoto wa kanisa lingine akikosea kidogo, anaambiwa atafute shule ya kwao. Nikipinga, waliosoma wananiuliza nilifika darasa gani.

Wewe unayeenda kufundisha huko, salini, tena bila aibu. Shule ya Kikatoliki isiyosali ni jengo tu. Dini ifundishe vizuri. Lakini mkitoka kanisani, mwangalie mtoto asiye wa kwenu, na yule anayewasumbua, uone kama mliyosali yamemfikia. Yasipomfikia, hata mkiongeza sanamu, mnajisumbua.

Mungu akulinde. Akupe pumzi ndefu kuliko yangu, na watoto wa watu wakue salama mikononi mwako.