Siku Niliyofagia Kombaini Mbele ya Majirani

Chekeni tu jamani, mimi mwenyewe nimeshajicheka mpaka basi, ila siku ile pale kijijini Mogitu ningeona shimo ningejitumbukiza.

Chanzo ni uvivu (haya, uvivu na kiburi). Nilipiga dawa ya magugu kwenye ngano, machache yakabaki yamesimama kijani kabisa, na mama mkwe, ambaye shamba lake limepakana na langu, akaniambia, "Mwanangu, hayo yameizoea dawa, kila mwaka unapiga ileile. Yang'oe kwa mkono kabla hayajatoa mbegu." Nikamjibu, "Mama, siku hizi nani anainama?" nikarudia dawa ileile, tena nikazidisha kipimo (eti niyakomeshe!), ngano ikaungua, magugu yakanenepa.

Basi wakati wa kuvuna mimi na majirani tukakodi kombaini, ile mashine ya kuvunia, nikakimbilia kuandikisha jina langu liwe la kwanza ili nionekane, ikavuna kwangu ngano na magugu humohumo, halafu ikageuka kwenda kwa mama mkwe, na shamba la mama ndiko sisi wote tunakochukua mbegu. Mzee Tluway, jirani yetu, akasimama mbele ya mashine na fimbo yake. "Haivuki mpaka huu! Imejaa mbegu za magugu ya huyu. Zikiingia huko, mwakani tutapanda magugu wote."

Watu wote wananitazama. Nikasema, "Shikamoo mzee" (sijui kwa nini, tulishasalimiana asubuhi), akaitikia, "Marahaba," na fimbo hakushusha.

Nikapewa ufagio. Nikapanda kombaini na kitenge changu kipya nilichovaa kwa ajili ya picha, nafagia, nachokonoa na kijiti, makapi mpaka masikioni, dereva naye, "Bado mama, na huku chini," na kijiji kizima kimekaa kwenye nyasi kinanisubiri. Nililia, sifichi. Mbegu ile mama ameichambua kwa mkono miaka na miaka, na mimi ndiye nilikuwa naenda kuiharibu.

Mama naye akaja. Alitandika turubai chini ya mashine, akapiga magoti, akawa anaokota mbegu za magugu zilizodondoka pembeni. "Taratibu, mwanangu," akasema, "tusiache hata moja."

Siku hizi dawa nabadilisha, na yanayobaki nainama nayang'oa. Kwenye orodha ya kombaini jina langu naliandika la mwisho, na ufagio naenda nao mwenyewe.