Giaboksi Niliyoipasha Moto kwa Kitenge

Wenzangu, mkinicheka nitawaelewa. Januari iliyopita nilinunua camping-car kuukuu, gari lenye kitanda na jiko ndani, gia zake otomatiki. Nikajitolea kumpeleka mama mkwe kwenye ubatizo wa mjukuu wake. Brussels nzima ilikuwa imeganda. Tulipotoka mtaa wa Evere, gari likajikokota kana kwamba limefungwa kamba kwa nyuma. Kila taa ikiwaka kijani, baiskeli zilitupita.

"Papa, hii motokari iko mugonjwa?" mama mkwe aliniuliza.

"Hapana, maman. Mafuta ya giaboksi yameganda, donc gia hazibadiliki." Nilisema kwa sauti ya fundi, mimi muuza viatu.

Nikasimama, nikamwomba mfuko wa maji moto aliokuwa ameukumbatia, nikaufunga kwenye mkono wa gia kwa kitenge chake kipya. Mama wa watu akabaki akitetemeka. Tukaondoka, mambo yakawa yaleyale.

Mwishowe akanyoosha kidole kwenye kifungo chenye picha ya theluji. "Na hii bouton ni ya nini?"

"Ya kuleta joto, maman. Niliibonyeza asubuhi."

"Joto gani? Miguu yangu inakufa na baridi!"

Akakibonyeza kukizima. Gari likachomoka mbele, gia zikaingia moja baada ya nyingine. Kumbe kilikuwa cha kuliondoa gari polepole lisiteleze kwenye theluji.

Mama mkwe akatoa simu, akampigia mke wangu aliyekuwa kanisani.

"Allô, Béa? Tunakuja. Apana, motokari haina shida. Shida ni bwana yako."